NYIMBO ZA TUZO ZIKUSANYWE NCHINI

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa taarabu ulioitwa Nyota. Waliosikika humo ni Black Star na Lucky Star, vyama viwili vya muziki vya Tanga. Mwaka 2004 ikawa zamu ya vijana: Out Here Records ya Munich, Ujerumani, ilikusanya muziki wa kufokafoka wa Tanzania katika albamu iitwayo Bongo Flava. Hatuwalaumu Waingereza wala Wajerumani. Waliiona thamani ya kitu wakakikusanya. Sisi wenye kitu ndio tunaopaswa kuulizwa tulikuwa wapi.

Tuzo za muziki za nchi yetu zilianza mwaka 1999. Kwa miaka mingi zilidhaminiwa na watengenezaji wa bia ya Kilimanjaro, zikasimama baada ya mwaka 2015, kisha zikarejea mwaka 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Mwaka 2012 Roma, kijana wa Tanga, alishinda tuzo ya msanii bora wa hip hop, na wimbo wake Mathematics ukashinda katika fungu hilo hilo. Watu walishangilia. Baada ya shangwe tuzo huwekwa kabatini, nao wimbo huachwa ujitafutie njia.

Huko Marekani, jarida la The Source lilipoanza kuonyesha tuzo zake za hip hop katika televisheni mwaka 1999, nyimbo zilikusanywa pia katika albamu na kuuzwa madukani. Si kila lifanywalo huko la kuigwa. Tuzo hizo hizo zilikatizwa mjini Pasadena mwaka 2000 kwa sababu ya ugomvi ukumbini. Lakini hili la albamu twaona ni jema, na lingefaa hapa.

Mfanyakazi atauliza yamhusu nini. Yamhusu sana. Mkoloni na Dr. John, waliojiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, waliuliza katika Tanga Kunani imekuwaje mji ule ukadidimia. Ni swali ambalo kila aliyefanya kazi katika mkonge, reli, bandari au kiwanda kilichofungwa amejiuliza kimoyomoyo. Katika Wauguzi waliwasema wahudumu wa hospitali bila ya kuwaonea haya. Hatudai kwamba wauguzi wote walistahili maneno yale; wako wengi wanaokesha wodini kwa mshahara usiotosha. Hata hivyo, atakayeandika habari za Tanga ya miaka ile bila ya kuzisikiliza nyimbo hizo ataandika nusu ya habari.

Lakini albamu isiwe njia mpya ya kumnyonya msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi, na yamtambua pia mwimbaji na aliyerekodi. Basi mkataba na usainiwe wimbo unapoingizwa katika mashindano, si baada ya taa za ukumbi kuzimwa na mdhamini kwenda zake. Kila mmoja, pamoja na yule aliyetengeneza mdundo, aandikiwe fungu lake na ajue atalipwa lini. Asije akaambiwa kwamba heshima ya kuwamo yatosha. Mwenye nyumba hapokei heshima mwisho wa mwezi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mambo haya hayafahamiki serikalini. Mwana FA, aliyefokafoka kwa miaka mingi, alichaguliwa Mbunge wa Muheza mwaka 2020 na kuteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo mwaka 2023. Studio anaijua, na ahadi zisizotimizwa bila shaka amezisikia.

Twapendekeza Baraza lianze na washindi wa miaka iliyopita, ambao wengi wao wangalipo na waweza kutia saini wenyewe. Nakala moja ya kila albamu iwekwe katika Maktaba ya Mkoa, Tanga, na katika maktaba za mikoa mingine, ili mtoto wa shule aweze kuisikiliza bila ya kulipa. Watakaoandaa tuzo zijazo na waulizwe jambo hili kabla hawajaanza kuulizia bei ya ukumbi.