Uvira: kijana anayefungua mchezo wa kompyuta asaidiwe, asifukuzwe

Katika mji wa Uvira, jimboni Kivu ya Kusini, kijana anayeshinda mbele ya kompyuta akicheza huitwa mvivu. Lakini vijana hao hawafanani. Kuna anayecheza tu, na kuna anayefungua faili za mchezo, akabadilisha jezi za timu, akaongeza gari au akaandika amri mpya. Kazi hiyo inaitwa kutengeneza modi. Kijana wa namna hiyo anastahili msaada, na msaada wa kwanza ni kumpa mfumo anaoruhusiwa kuufungua: Linux.

Hali ya sasa inajulikana toka Kavimvira hadi Kalundu. Kompyuta nyingi ni za zamani, zimekwisha kutumiwa na wengine. Mega ni ghali, kwa hiyo programu na michezo hupita mkono kwa mkono, kwa flashi. Windows yenyewe mara nyingi ni ya wizi, na programu ya kuvunja kufuli yake huja na virusi. Flashi hiyohiyo ya mchezo, kesho inachomekwa kwenye kompyuta ambamo mwanafunzi ameweka TFC yake. Kazi ya mwaka mzima inaweza kupotea kwa siku moja. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Hatari imeongezeka.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, ina leseni inayoruhusu kila mtu kuinakili, kuigawa na kuibadilisha. Maana yake ni kubwa kwa mji huu. Kupitisha programu kwa flashi, jambo ambalo kwa Windows ni wizi, kwa Linux ni haki. Mtu mmoja akiishusha mara moja, mtaa mzima unaipata.

Wengi watasema Linux haina michezo. Zamani ilikaribia kuwa kweli. Lakini tangu Agosti 2018, kampuni ya Valve ilipotoa Proton, iliyojengwa juu ya programu ya Wine, michezo mingi ya Windows inachezeka kwenye Linux, pamoja na modi zake nyingi. Siyo yote: Fortnite na Valorant hazichezeki, na mwenye chumba cha michezo aambiwe ukweli huo mapema. Mitego mingine ipo. Kwa Linux, folda ya «Data» na folda ya «data» ni vitu viwili, na modi iliyotengenezewa Windows inaweza kukwama kwa sababu ya herufi moja. Anayelitafuta kosa hilo mpaka akalipata amesoma somo la informatike ambalo darasa lenye ubao na chaki peke yake haliwezi kumpa.

Kwa mashine dhaifu kuna Luanti, uliojulikana zamani kama Minetest. Ni mchezo wa bure, mwepesi, na modi zake huandikwa kwa Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazil mwaka 1993. Faili fupi ya maandishi na picha ndogo vinatosha kuongeza kitu kipya. Kwa nini samaki wa ndani ya mchezo wawe wa Ulaya, wakati mikeke na ndagala wanavuliwa hapa ziwani Tanganyika? Kijana anaweza kujenga bandari ya Kalundu, akapitisha mto Mulongwe, akaonyesha namna maji yalivyovamia nyumba katika mafuriko ya Aprili 2020. Hapo mchezo unasaidia watu kufikiri wapi pa kujenga na wapi pa kuacha.

Waswahili wamekwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hakukuwa na haja ya kupiga magoti mbele ya kampuni kubwa.

Wazazi wana haki ya kuogopa. Umeme hukatika, kazi ni chache, na modi haileti ugali mezani leo. Pia mchezo unaweza kumla mtoto masomo yake. Dawa ni kupanga saa, maana kufunga mashine hakumfundishi kitu. Walimu wa informatike waweke Linux kwenye kompyuta moja tu ya shule, kando ya Windows, waone. Wenye vyumba vya michezo watenge mashine moja ya kutengenezea. Na mzazi, badala ya kuuliza «umecheza saa ngapi?», aulize «leo umetengeneza nini?». Asiye na jibu, hapo ndipo azimiwe kompyuta.