Banda la Seremala: Guni Kabla ya Mashine

Mwezi huu twataka kusema na wale wenye banda la useremala nyumbani, yaani mtu mwenye meza yake ya kazi chini ya mwembe au nyuma ya jiko, atengenezaye viti, madirisha na milango ya jirani zake. Sasa amelipwa kazi kubwa, au ameuza mavuno, naye ataka kuongeza vyombo. Fedha hizo hazipatikani mara mbili kwa mwaka, na mkewe amekwisha kuzihesabu kwa ada ya watoto. Kwa hiyo yampasa aulize kwanza, Kazi yangu huharibika wapi?

Wengi hujibu upesi, Sina mashine. Wameuona dukani msumeno wa umeme wa mezani, nao hauwatoki moyoni. Hatusemi ya kwamba mashine ni mbaya. Lakini mashine haijui mraba ni nini; hukata kama ilivyowekwa, na fundi huiweka kwa guni lake. Guni likiwa bovu, mashine hukata ubovu ule ule, ila kwa upesi zaidi, na mbao nyingi zimeharibika kabla ya jua kupanda.

Basi na tuanze na guni. Twaa ubao mpana wenye ukingo ulionyoka. Uegemeze mkono mnene wa guni kwenye ukingo ule, upande wa kushoto, ukachore mstari kwa ncha ya kisu. Kisha ligeuze guni, mkono mnene uwe upande wa kulia, ulilete penye mwanzo wa mstari ule, ukachore tena. Mistari ikilaliana ikawa mmoja, guni ni zima. Ikiachana kama vidole viwili, guni ni bovu. Tena nafasi iliyo kati ya mistari ni kosa lililokuzwa mara mbili, na hii ndiyo faida ya kuligeuza, maana jicho huona kwa urahisi lile ambalo pengine lisingeliona. Ukiona nafasi ya milimita 1 kwenye umbali wa sentimita 30, guni lako limekosa kwa nusu ya milimita. Mtu atasema, nusu ya milimita ni kitu gani? Na alipimie mlango wa urefu wa mita 2: kosa limekuwa milimita 3 na zaidi, mlango wagusa fremu juu na kuacha mwanya chini. Mwenye nyumba hakuliona guni. Yeye huona mwanya, na mjusi apitaye.

Guni la mbao likikosa hurekebishwa kwa randa. Guni kubwa la chuma, lile bapa lenye mikono miwili, nalo hurekebika: ligonge kwa ncha ya chuma butu na nyundo karibu na pembe ya ndani, chuma kitatanuka pale na mikono itaachana kidogo, ligonge karibu na pembe ya nje, nayo itakaribiana. Gonga mara moja, kisha pima, wala usiwe na haraka.

Lakini utaujuaje ukingo ulionyoka, ambao kwao umelipima guni? Hapa watu wengi hudanganyika. Huchukua fito mbili zilizopigwa randa, huziweka ukingo kwa ukingo na kuzielekeza kwenye mwanga. Wasipoona mwanga kati yake husema zimenyoka. Sivyo. Ufito mmoja waweza kuwa na tumbo na wa pili una bonde la kiasi kile kile, zikashikana kama chungu na kifuniko chake. Dawa yake ni ufito wa tatu. Zikishikana wa kwanza na wa pili, na wa kwanza na wa tatu, hapo uulete wa pili kwa wa tatu. Kama wa kwanza una bonde, hawa wawili wana matumbo, nao watapembea. Zikishikana zote tatu, kila mmoja kwa kila mwenziwe, zimenyoka kweli. Kwa njia ya namna hii Joseph Whitworth, fundi wa Uingereza, alipata nyuso za chuma zilizo sawasawa, akaieleza katika mkutano wa wataalamu huko Glasgow mwaka 1840. Seremala wa kijijini aifanye kwa fito tatu za mninga na randa moja, bila kununua kitu.

Sasa futi ya utepe wa chuma. Ile ndoana ya mwanzo wake hucheza kidogo, na wako mafundi ambao, wakiiona inacheza, huigonga kwa nyundo hata ikakaza, wakidhani wameiponya. La, ilitengenezwa icheze kwa kadiri ya unene wake yenyewe: ukiikamatisha kwenye ncha ya ubao hutoka nje, ukiisukuma ndani ya fremu hurudi, ili vipimo vyote viwili viwe kweli. Ikikazwa, kipimo cha ndani au cha nje hakina budi kukosa. Tena usianze kazi kwa futi moja na kuimaliza kwa nyingine, kwa maana futi mbili za maduka mawili hazipatani sikuzote.

Na afadhali kuliko futi ni kutopima kwa tarakimu kabisa. Mafundi wa zamani katika nchi nyingi walitumia ufito wa kipimo, nasi twaona ungali unashinda vyombo vingi vya bei kubwa. Ukitaka kutengeneza madirisha sita yaliyo sawa, chonga ufito mmoja, utie juu yake alama zote kwa kisu: kimo cha fremu, mahali pa kila tundu na kila ulimi, mahali pa bawaba. Kisha kila ubao huwekwa kando ya ufito na kutiwa alama zile zile. Anayesoma futi mara sitini atasoma vibaya walau mara moja, hasa jioni. Tumesema kisu, maana mstari wa penseli una unene wake, na hujui ukate upande gani. Mstari wa kisu hauna unene wa kutajika, nao huzikata nyuzi za mbao, patasi ikakaa ndani yake yenyewe. Fremu ikisha kuungwa, kabla ya gundi kushika, pima toka kona hata kona ya pili. Vipimo vyote viwili vikilingana, na mbao zinazoelekeana zikiwa za urefu mmoja, imekaa mraba.

Juu ya makali tutasema machache. Kinoo chenye bonde katikati hakiwezi kunyosha makali. Kisugue juu ya kioo kinene kilichotandazwa msasa wa maji hata bonde liishe. Randa za chuma zinazouzwa kuukuu, nyingi ni za mfano wa Leonard Bailey, Mmarekani, ambaye biashara yake ilinunuliwa na Stanley mwaka 1869, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kwa hiyo kuukuu yafaa kama mpya, mradi uso wake wa chini haujapinda wala kupasuka. Na mvule, ambao nyuzi zake huelekea huku na huku, ukikung'okea, kisogeze kile chuma cha pili kilalacho mgongoni mwa chuma kikatacho, kikaribie makali hata ibaki chini ya milimita 1.

Lakini guni zima, futi nzima na makali, vyote havifai kitu kama mbao ni mbichi. Mbao hunywea kwa upana wake, wala si kwa urefu, illa kidogo mno. Ubao wa sentimita 30 ukinywea kwa sehemu 2 katika 100, umepungukiwa milimita 6. Kosa la guni ni nini mbele ya hilo? Tena hewa ya pwani ina unyevu mwingi: mlango uliotengenezwa Tanga ukapelekwa Dodoma utanywea huko, hata kama ulikuwa mkavu kwa Tanga. Mninga na msaji hunywea kidogo, na hii ni sababu moja ya bei yake. Mkaratusi hunywea sana na kupinda. Kwa hiyo sehemu ya fedha zile ni bora iingie katika mbao za kazi ya mwakani, zipangwe leo kivulini, vijiti vikiwa katikati yake upepo upite.

Na mwenye kununua mashine, baada ya hayo yote, ainunue kwa furaha. Ila kabla ya kukata ubao wa kwanza, azime umeme na kuchomoa waya, kisha apime umbali kati ya kile kizuizi cha pembeni na meno ya msumeno, mbele na nyuma. Umbali wa nyuma ukiwa mdogo kuliko wa mbele, ubao utabanwa na kurushwa kwa nguvu umrudie yeye aliyesimama mbele yake, nao humpata tumboni. Umbali na uwe mmoja. Ukizidi nyuma kwa unene wa karatasi si neno. Wala asiiondoe ile bamba ya nyuma ya msumeno izuiayo mbao kufumba, ijapokuwa wauzaji wengine husema haina kazi.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kunoa msumeno wa mkono kwa tupa ya pembe tatu.