Kiungo Mpya Hapimwi kwa Mabao

Kibanda tunachotazamia mpira hapa Nkoma, Mbale, kina mabati juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na jenereta inayonguruma nyuma umeme ukikatika. Humo nimesikia Khalid Aucho akijadiliwa kuliko mchezaji mwingine yeyote wa Uganda. Si ajabu. Ni mzaliwa wa Jinja, mwaka 1993, na sisi watu wa mashariki tulimhesabu wetu hata alipokuwa akicheza Dar es Salaam. Ila mengi yanayosemwa juu yake pale kibandani si sahihi, na makosa hayo hayo tunayarudia tunapowahukumu vijana wetu viwanjani. Kuyajibu pale pale, watu wakipigia kelele penalti, ni kazi bure. Nayajibu hapa.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Wamarekani wana mpira wao wa kubeba mikononi, na katika kila timu kuna mtu anaitwa kotabeki. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake: anapewa mpira akiwa nyuma, anawasoma mabeki wa upande wa pili kwa sekunde mbili tatu, kisha anaamua amrushie nani. Kotabeki akibadilishwa, wote wanaomzunguka hubadilisha hatua zao. Kwenye soka letu mtu anayefanana naye zaidi si namba kumi anayepigiwa makofi. Ni kiungo wa chini, yule anayeuchukua mpira miguuni mwa mabeki na kuamua mashambulizi yapite wapi. Aucho ndiye huyo. Yanga, klabu ya Dar es Salaam, walimsajili Agosti 2021, baada ya yeye kuzunguka Kenya, Afrika Kusini, Serbia, India na Misri.

"Hafungi. Sasa anabadilisha nini?"

Hili huwa la kwanza. Ni kweli mabao yake ni ya kuhesabu. Msimu wa 2021/22 mfungaji wa Yanga alikuwa Fiston Mayele, mabao 16 kwenye ligi, moja tu nyuma ya George Mpole wa Geita Gold. Lakini angalia straika anaupokeaje mpira. Akiupokea ameligeuzia goli mgongo na beki amemlalia, atapambana, ataurudisha, akibahatika atapata faulo. Straika yule yule akiupokea tayari anakimbilia goli, beki ndiyo kwanza anageuka, kipa ana kazi. Tofauti hiyo straika haitengenezi mwenyewe. Imetengenezwa pasi mbili au tatu nyuma yake, na mtu ambaye kamera imeshamwacha.

Wamarekani wana takwimu inayolieleza jambo hili vizuri. Mwaka 2019 kotabeki wa Tampa Bay, Jameis Winston, alirusha pasi 33 za kufunga, idadi kubwa kwa kipimo chochote. Alirusha pia pasi 30 zilizodakwa na wapinzani, na timu ikashinda mechi 7 ikafungwa 9. Mwaka uliofuata akaja Tom Brady. Pasi zilizodakwa zikashuka hadi 12, na Februari 2021 Tampa Bay wakachukua ubingwa kwa kuifunga Kansas City 31 kwa 9. Hawakuwa maskini wa kufunga kabla Brady hajafika. Mashambulizi yao ndiyo yaliyokuwa yakifia njiani.

"Pasi zake ni za nyuma na za pembeni tu."

Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu anayesema hivi mara nyingi ni mtu anayependa mpira kwa dhati. Naomba siku moja urudie kutazama mechi ya Yanga ya msimu ule wa 2021/22, na usiufuate mpira. Mfuate Aucho peke yake kwa dakika tano. Kabla hajapokea, shingo inageuka: bega hili, bega lile. Anashuka mpaka karibu na mabeki wa kati, akina Bakari Mwamnyeto na Dickson Job, anaomba mpira. Straika wa wapinzani anamfuata. Aucho anaurudisha kwa kipa Djigui Diarra, na kibanda kizima kinaguna. Lakini kilichotokea ni nini? Straika yule amepanda kumkimbilia kipa. Kiungo wake, akiona mwenzake amepanda peke yake, naye anapanda. Nyuma ya kiungo huyo sasa kuna uwazi wa hatua kumi, na ndani ya uwazi huo amesimama Feisal Salum, hana mtu. Diarra, ambaye miguu yake ni ya mchezaji wa ndani, anampa Job, Job anamgusia Aucho, na safari hii Aucho hasimamishi. Mguso mmoja, mpira uko kwa Feisal, na Feisal tayari uso wake uko golini.

Ile pasi ya nyuma ilikuwa chambo. Bila hiyo wapinzani wangebaki nyumbani, mistari yao miwili imebanana, na Yanga ingelazimika kupiga mipira mirefu kwa Mayele na kuomba Mungu. Nawajua wavuvi wa Jinja. Hakuna hata mmoja anayemcheka mwenzake kwa kulegeza kamba kabla ya kuvuta.

Za pembeni nazo zina kazi. Mpira ukihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa pasi mbili za haraka, ukuta wa wapinzani lazima usogee wote pamoja. Ukihamishwa mara ya tatu, ya nne, kuna mmoja atachelewa nusu hatua. Kiungo mzuri anangoja nusu hatua hiyo. Asiyejua kungoja anaulazimisha mpira katikati ya miguu sita, unapokwa, na mabeki wake wanaanza kukimbia kurudi nyuma na lawama zinawaangukia wao.

"Waliobadilisha Yanga ni pesa za mdhamini, si kiungo."

Pesa zilikuwepo, sikatai. Bila hizo asingekuja yeye, wala Diarra, wala Mayele, Yannick Bangala na Djuma Shaban, waliosajiliwa majira yale yale. Lakini pesa zilikuwepo hata mwaka uliotangulia. Mwaka 2020 Yanga walileta Carlinhos kutoka Angola, Michael Sarpong, Tuisila Kisinda, Mukoko Tonombe, Yacouba Sogne. Majina mazito. Simba wakachukua ubingwa, wa nne mfululizo, na Yanga wakawa wa pili. Msimu uliofuata, 2021/22, Yanga walicheza mechi 30 za ligi bila kufungwa hata moja. Noti ni zile zile; zilichonunua ndicho kilichotofautiana. Ule wa kwanza ulikuwa usajili wa vipaji. Wa pili ulikuwa usajili wa uti wa mgongo: kipa, beki, viungo wawili, straika.

Na hapa nina ushahidi ambao watu wa kibandani hawautaji. Mwaka 2015 Aucho alikuwa Gor Mahia, chini ya kocha Frank Nuttall. Gor walimaliza ligi ya Kenya wakiwa mabingwa bila kufungwa. Nchi mbili, makocha wawili, misimu miwili isiyo na kipigo, na kiungo wa chini ni yule yule mtoto wa Jinja. Sisemi alifanya peke yake. Mbele yake Nairobi alikuwepo Michael Olunga, na Olunga si mtu mdogo. Ila anayeiita bahati nasibu atuonyeshe wengine wangapi wameipata mara mbili.

"Basi ni kocha."

Hili nalikubali kwa kiasi kikubwa, na heshima inanitaka niseme jambo linaloipunguza hoja yangu. Yanga walikwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipowachapa 2-1 mwezi Novemba 2022. Safari hiyo ilianza kabla Aucho hajafika, ilianza Nasreddine Nabi alipopewa timu mwaka 2021. Kocha alishajua anataka mpira utembee vipi. Alichokosa ni mtu wa kuutembeza hivyo mbele ya watu elfu hamsini, presha ikiwa imepanda na kocha mwenyewe hasikiki. Ramani ni ya kocha, lakini dereva ndiye anayeliona shimo.

"Akiwa na timu ya taifa, Cranes, mbona hatukuona hayo?"

Tuliona, ila hatukuangalia vizuri. Uganda ilirudi Kombe la Afrika mwaka 2017 baada ya miaka 39, na katika mechi tatu ikapata bao moja, la Farouk Miya dhidi ya Mali. Mwaka 2019 kule Misri tukaifunga DR Congo 2-0, tukatoka sare 1-1 na Zimbabwe, tukavuka kundi na kwenda kutolewa na Senegal kwa bao moja. Aucho alikuwemo kwenye vikosi vyote viwili. Mara ya kwanza timu ilijengwa kuzuia kwanza. Mara ya pili ilithubutu kupanda, na Emmanuel Okwi akawa anapata mipira ya maana. Isitoshe, timu ya taifa hukutana siku chache tu kabla ya mechi. Winga wa klabu anamwona kiungo wake kila asubuhi, mpaka anajua akigeuza shingo hivi mpira unakuja wapi. Winga wa taifa analijua hilo Jumanne, Jumamosi anacheza, Jumapili anapanda ndege.

Kuhusu umri sitakawia. Waliosema mwaka 2021 kwamba Yanga wamechukua mchezaji wa miaka 28 aliyekwisha, wajue kwamba Brady aliposhinda na Tampa Bay alikuwa na miaka 43. Mbio huisha mapema. Jicho huchelewa kuzeeka.

Na lugha? Wapo wanaosema mgeni hawezi kuongoza wenzake wasiosema lugha yake. Uwanjani maneno hayazidi kumi. "Mtu!" "Geuka!" "Peke yako!" "Rudisha!" Mmali, Mkongo na Mganda waliyajua yote ndani ya wiki.

"Kiungo mzuri, siku anaingia tu, unaona."

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu vijana wetu. Hata Brady, baada ya mechi 12 za kwanza na Tampa Bay, alikuwa ameshinda 7 na kufungwa 5, na watu waliandika kwamba amekwisha. Ndipo yeye, kocha wake na wapokeaji wake wakaelewana, na hawakufungwa tena mpaka kombe.

Mwaka juzi nilikuwa nasaidia kufundisha timu ya vijana hapa Nkoma. Tukapata mvulana wa miaka 17 aliyehamia kwa shangazi yake kutoka Jinja. Mwembamba, hasemi sana, viatu vimeshonwa ubavuni kwa uzi wa gunia. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwona anageuza shingo kabla ya kila mpira, nikajua. Mechi ya kwanza tukafungwa 2-0. Ya pili tukafungwa tena. Mara nane au tisa alipiga mpira mrefu wa chini upande wa kulia, kwenye uwazi mtupu, ukatoka nje bila kuguswa. Watu waliokaa kwenye magogo wakamtukana. Mzee mmoja ninayemheshimu akanijia akaniambia, "Mwalimu, huyo mtoto wenu wa Jinja haoni. Mrudishe beki."

Alikuwa anaona kuliko sisi sote. Winga wetu ndiye aliyekuwa amezoea kiungo wa zamani, aliyekuwa anaushika mpira, anapiga chenga, anainua kichwa, ndipo anatoa. Kwa hiyo winga alikuwa anangoja mpira utoke mguuni ndipo aanze kukimbia. Kwa kiungo mpya, hapo tayari amechelewa sekunde nzima. Tulitumia wiki tatu kwa zoezi moja: winga asiutazame mpira, aitazame shingo ya mwenzake. Shingo ikigeuka mara ya pili, kimbia. Usiulize.

Mechi ya tano, kipindi cha kwanza hata hakijafika nusu, mvulana alishuka kwa mabeki, akaomba mpira. Shingo ikaenda kushoto, ikaenda kulia. Pale kwenye magogo wazee walikuwa bado wanabishana juu ya pasi ya nyuma iliyotangulia. Winga alikuwa ameshaondoka.