Kompyuta Nzima Isizikwe Hai

Kwa mafundi wa Niboye, wilayani Kicukiro jijini Kigali, kompyuta haihesabiwi umri kwa miaka. Fundi huifungua, akapuliza vumbi la feni, akabadilisha diski, akatia betri nyingine, na mashine ya miaka kumi ikarudi kwa mwenyewe kuandika barua na hesabu za duka. Siku hizi mashine hiyo yaweza kuuawa bila kuguswa: wenye mfumo endeshi watangaze tu kwamba hawaitambui.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha maalumu. Nyingi za Intel zilizouzwa mpya mwaka 2017 hazimo. Miaka minne tu, zikaitwa kuukuu!

Rwanda ina watoto waliokulia kwenye mashine zilizoachwa namna hiyo. Kupitia mpango wa One Laptop per Child, shule za msingi zilipata kompyuta zaidi ya 200,000: ndogo, nyeupe na kijani, zenye mpini na antena mbili zilizosimama kama masikio ya sungura. Toleo la kwanza, XO-1, lilikuwa na prosesa ya AMD Geode na kumbukumbu ya megabaiti 256, likiendeshwa na Linux, mfumo huria. Hata huko mlango umefungwa. Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipotoka Juni 2023 iliiacha Geode kwa kukosa amri moja iitwayo NOPL. Kazi ya amri hiyo ni kutofanya lolote.

Wapo wanaosema kwamba kutunza mashine za kale ni mzigo, na wana haki ya kusikilizwa. Kila prosesa inayobakizwa lazima ijaribiwe, na wa kuijaribu ni wachache. Linux yenyewe ilizaliwa 1991 kwenye Intel 386, lakini Desemba 2012 waundaji wake waliiondoa 386. Prosesa hiyo, hata hivyo, ilikuwa imetimiza miaka 27 tangu itoke, na watumiaji wake walikuwa karibu kwisha. Huko ni kuaga mzee, si kumfukuza kijana kazini.

Basi kampuni na zitenganishe mambo mawili: mapambo mapya yaende kwa mashine mpya, lakini masasisho ya usalama yasikatwe mapema. Inawezekana. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani, Microsoft ilitoa tiba hata kwa Windows XP, miaka mitatu baada ya kuitupa mkono.

Wanunuzi nao, shule na ofisi, waandike katika mkataba miaka ya huduma kabla ya kutia saini. Na vijana wa Kigali waliosomea programu wasingoje kuhurumiwa. Katika mifumo huria prosesa huachwa pale anapokosekana wa kuijaribu na kuripoti kasoro zake. Kazi hiyo yaweza kufanywa Niboye sawa na popote.

Kompyuta iliyokufa kweli ipelekwe kwenye kituo cha taka za elektroniki cha Bugesera. Iliyo nzima ipitie kwanza kwa fundi, itiwe Linux nyepesi inayoikubali, kisha ikabidhiwe mwanafunzi asiye na yoyote.