Laptopu yangu imekataa dawa kwa sababu ni mgonjwa

Wadau, mliokuwa mnauliza nimepotelea wapi wiki hii, nilikuwa kwenye ugomvi na laptopu yangu. (Najua kuna neno kipakatalishi, na kuna wazee wa lugha pale chumba cha habari wanaonikumbusha kila siku. Lakini sijawahi kumsikia mtu Kariakoo akiuliza bei ya kipakatalishi.)

Ni mashine ya mwaka 2014, niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa kazi zangu za kuandika habari, kusikiliza sauti nilizorekodi na kutuma picha, inanitosha kabisa. Ugonjwa wake ni betri tu. Inasoma asilimia 4 na haipandi hata ukiichaji usiku kucha. Ukichomoa waya, dakika mbili hazifiki, kioo cheusi. Kwa hiyo ni laptopu kwa jina tu, maisha yake yote iko ukutani kama friji.

Sasa nikaamua kusasisha BIOS. Kwa wasioijua, hiyo ni programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu juu ya madabodi, inaamka kabla ya Windows au Linux, inakagua vifaa, halafu inakabidhi kazi kwa wakubwa. Watu wengi wanamiliki kompyuta miaka kumi bila kuigusa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, hadi nilipoanza kusoma kuhusu Spectre na Meltdown, zile kasoro za prosesa zilizotangazwa Januari 2018. Watengenezaji wengi walizileta tiba zao, au sehemu ya tiba, ndani ya BIOS mpya. Ni kweli kwamba mfumo kama Linux unaweza kuzipakia baadhi ya tiba hizo wenyewe kila unapowaka, lakini matundu yaliyo ndani ya BIOS yenyewe hayazibwi na kitu kingine. Desemba 2023 watafiti walionyesha LogoFAIL, udhaifu katika namna BIOS za kampuni nyingi zinavyosoma ile picha ya nembo kompyuta inapowaka. Picha ya nembo, jamani! Antivirusi yako wakati huo bado imelala.

Ndani ya mashine hii kuna majina ya watu walioniambia mambo kwa sharti kwamba nisiwataje. Wengine bado wako kazini. Mhariri wangu hayajui majina hayo, na sitaki mtu mwingine ayajue kwa sababu mimi nilikuwa mvivu wa kusasisha.

Basi nikapakua faili, nikabonyeza, nikajibiwa: chomeka chaja, na hakikisha betri ina chaji ya kutosha. Chaja imechomekwa. Betri ni asilimia 4. Nikajaribu mara tatu, kama vile mara ya tatu ingekuwa na huruma.

Sababu ya katazo hilo naielewa. BIOS inapoandikwa, yaliyomo ya zamani kwenye chipu yanafutwa kwanza, ndipo mapya yanaingia. Umeme ukikatika katikati, unabaki na nusu programu, na ukibonyeza kitufe hakuna kinachoamka. Wakubwa wanaokumbuka kirusi cha CIH wanajua. Kilianza kuonekana 1998, na tarehe 26 Aprili 1999 kikafuta BIOS za kompyuta nyingi duniani. Mashine nzima ilikuwa inakufa kwa kuharibiwa chipu moja. Leo fundi mzuri anaweza kuibana chipu kwa klipu, akaunganisha kale kakifaa kanakoitwa CH341A, akaiandika upya. Lakini sikununua laptopu ili niitafutie fundi wa kuifufua.

Kinachoniudhi ni namna ukaguzi wenyewe unavyofanyika. Programu inasoma namba tu, ile asilimia inayotolewa na kipimo kilicho ndani ya betri. Haijui kama betri ni nzima. Yeyote aliyewahi kuwa na betri iliyochoka anajua inavyoweza kusema asilimia 60, ukachomoa waya, ikazima papo hapo. Betri ya namna hiyo ingepita ukaguzi bila swali! Wakati huohuo laptopu yangu ilikuwa imechomekwa kwenye UPS ya ofisini, dude zito kama tofali mbili, linaloweza kushika mashine yangu dakika nyingi kuliko kazi yenyewe inavyohitaji. Hiyo haihesabiki. Mwongo anaruhusiwa, mwenye umeme wa uhakika anazuiwa.

Nikaenda kwa fundi. Akacheka. "Bosi wangu, hizi tunazilazimisha tu." Na kweli njia zipo kwa baadhi ya mashine. Kwa Dell, kwa mfano, mafundi wengi wanaijua amri ya /forceit inayoruka ukaguzi wa betri. Fundi alikuwa tayari kuijaribu njia yake palepale, kwenye kibanda ambacho taa yake ilikuwa imeshapepesa mara mbili tangu nikae. Nikamwambia asante kaka, ngoja nifikirie.

Watu watasema, nunua betri mpya yamalizike. Haya. Ya mashine ya 2014, unayoipata dukani ni ya kuiga, au ni ya kampuni yenyewe iliyokaa stoo miaka, na lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Halafu kuna mashine zinazochagua. ThinkPad za kizazi cha 2012, zile zenye namba kama X230 na T430, fimwea yake inakagua betri, na isipoitambua kuwa imeidhinishwa inakataa kuichaji. Hebu fikiria hapo: fimwea inadai betri nzima ili isasishwe, na fimwea hiyohiyo inaikataa betri nzima uliyoipata.

Na dawa ya hatari ya umeme kukatika inajulikana zamani. Gigabyte wamekuwa wakiweka chipu mbili za BIOS kwenye madabodi zao, moja ikifa nyingine inachukua kazi. Chromebook zina sehemu moja ya fimwea isiyoandikika kwa kawaida, na nafasi mbili, A na B, zinazopokezana kusasishwa. Ukikatika umeme wakati B inaandikwa, A bado ipo na mashine inawaka. Mtengenezaji akifanya hivyo, kuna haja gani ya kuniuliza habari za betri? Gharama yake ni nafasi kidogo tu ya chipu. Aliyeamua kutuwekea kizuizi badala yake alikuwa mahali ambapo umeme haukatiki na laptopu inabadilishwa kila baada ya miaka mitatu. Sisi ndio tunaozipokea zikishatimiza hiyo mitatu.

Wazungu wameanza kujitengenezea sheria. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa, na inakataza programu kutumika kuzuia hilo. Nimefurahi kwa niaba yao. Mashine hizo zitatufikia kwa mitumba baada ya miaka, tukiwa hai.

Mimi sikungoja. Mpiga picha wetu ana mashine ndugu na yangu, na betri zake zinachomoka kwa kitasa kimoja chini. Alhamisi usiku, gazeti lilipokwenda mtamboni, nikamwomba betri yake. "Ikifa unanilipa," akasema, na hakuwa anatania. Ilisoma asilimia 71. Nikaiweka, UPS chini, chaja juu, nikabonyeza. Feni ikaanza kupiga kelele kama jenereta, mstari ukasogea taratibu, mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili. Sikumbuki kama nilipumua. Ikawaka.

Nikamrudishia betri yake pamoja na soda, nikachomeka ya kwangu. Inasoma asilimia 4.