TUJIFUNZE PAMOJA: Reli ya Kamba



Kama umewahi kusafiri kutoka Songea kwenda Mbinga, kisha ukashuka mpaka Mbamba Bay, unaijua milima yetu. Kupanda na mzigo kunachosha. Kushuka na mzigo kunatisha, maana mzigo unakusukuma.

Sasa jiulize. Mzigo unaoshuka una nguvu. Je, nguvu hiyo haiwezi kumsaidia anayepanda? Inaweza. Mwezi huu tujifunze habari za reli ya kamba.

Treni ya kawaida haiwezi kupanda mlima mkali. Magurudumu yake ni ya chuma, na reli nayo ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo wajenzi huizungusha reli mlimani polepole, na hujenga madaraja penye mabonde. Kazi hiyo huchukua muda mrefu.

Jambo hili liliwapata wajenzi wa reli katika nchi jirani ya Kenya. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899. Baada ya Nairobi, njiani kwenda Naivasha, wajenzi walifika ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mbele yao ardhi ilishuka ghafla. Madaraja ya kushukia yalikuwa bado kujengwa. Wafanye nini? Wangoje?

Hawakungoja. Walijenga reli ya muda, iliyoshuka moja kwa moja bondeni. Mabehewa yalifungwa kwa kamba nene za chuma. Juu ya mlima kamba zilizungushwa kwenye magurudumu makubwa yenye breki. Behewa lililojaa liliposhuka, lilivuta jingine lililopanda. Penye mteremko mkali zaidi, behewa liliwekwa juu ya gari la pekee. Gari hilo lilikuwa refu upande wa chini na fupi upande wa juu, ili behewa likae sawa lisimwage mzigo.

Kwa njia hiyo vyuma vya reli, na hata injini za treni, vilishushwa bondeni. Kazi ya mbele ikaendelea huku madaraja yakijengwa nyuma. Mwaka 1901 njia ya kudumu ilikuwa tayari, na reli ya kamba ikaachwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo reli ilifika Ziwa Viktoria.

Reli ya Kenya ilikuwa ya muda tu. Lakini huko Uingereza iko reli ya kamba ya zamani inayofanya kazi mpaka leo. Iko katika mji mdogo wa pwani uitwao Lynmouth. Juu ya mji huo kuna jabali refu, na juu ya jabali kuna mji mwingine uitwao Lynton. Zamani mizigo ilipandishwa jabali hilo kwa farasi na punda. Wanyama waliumia sana. Mwaka 1890 reli ya kamba ilifunguliwa.

Reli hiyo haina injini. Haitumii mafuta wala umeme kuvuta mabehewa. Inatumia maji ya mto tu. Ina mabehewa mawili yaliyounganishwa kwa kamba ya chuma. Moja likiwa juu, jingine liko chini. Chini ya kila behewa kuna tangi. Behewa la juu hujazwa maji. La chini humwaga maji yake. Sasa la juu ni zito, la chini ni jepesi. Breki zikifunguliwa, zito hushuka na jepesi hupanda. Kisha kazi huanza upya.

Unaweza kuona jambo hili nyumbani. Chukua ndoo mbili na kamba moja. Pitisha kamba juu ya boriti laini. Funga ndoo moja kila mwisho. Jaza maji ndoo ya juu, acha ya chini tupu. Utaona ndoo tupu inapanda yenyewe. Watoto wasisimame chini yake.

Je, ujuzi huu unamfaa mkulima? Ndiyo. Katika milima ya Nepal, huko Asia, viko vijiji vinavyotumia kamba za chuma za namna hii. Mazao hushuka kutoka mashambani. Yanaposhuka huvuta chumvi, mbolea na vitu vya dukani kwenda juu. Sharti ni moja: mzigo unaoshuka uwe mzito kuliko unaopanda.

Lakini ndugu, shika neno hili. Nguvu ya mteremko ni mtumishi mzuri ikiwa na breki. Bila breki inaua. Kamba iliyochakaa nayo inaua. Kwa hiyo mtu asijaribu kujenga njia ya mizigo mlimani bila fundi anayejua kazi hiyo, na kamba ikaguliwe mara kwa mara.

Sasa jibu maswali haya, wewe na wenzako:

1. Kwa nini treni ya kawaida haiwezi kupanda mlima mkali?
2. Katika reli ya Lynmouth, behewa lipi hujazwa maji, la juu au la chini? Kwa nini?
3. Kijijini kwako, ni mizigo gani hushuka mlima, na ni ipi hupanda? Ipi ni mizito zaidi?

Kwaheri mpaka mwezi ujao.