Zebaki gani kwenye pete ya bibi?

Kuanzia Bukiriro hadi Biharamulo mjini utaambiwa, tena kwa uso mkavu, kwamba pete ikishakuwa ya kale ni utajiri, na ikiwa ya Mjerumani ndiyo usiseme: ndani ina zebaki, na yuko tajiri wa ng'ambo anayeitafuta kwa mamilioni. Ni uongo mtupu, na unalisha madalali.

Zebaki tunaijua. Wachimbaji wadogo wa dhahabu Biharamulo wanaishika kwa mikono yao, Mungu awasaidie. Ni kimiminika kizito kinachoshikamana na dhahabu. Pete ya dhahabu ikiigusa tu hugeuka nyeupe na kuharibika. Anayedai imefichwa ndani ya pete kwa miaka mia na ushee akaulize kwenye karasha lolote la kusagia mawe ya dhahabu.

Na huyo Mjerumani anayesemwa alifukia masanduku ya mali akikimbia vita 1916 ni yupi? Mwaka huohuo serikali yake ya kikoloni ilikuwa imekaukiwa sarafu hadi ikazigonga kwenye karakana ya reli Tabora, zikiwemo heller 20 za shaba. Ya dhahabu ilikuwepo, rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotokana na dhahabu ya Sekenke. Zilitengenezwa 16,198 tu, na wakusanyaji wanazigombea kwa sababu idadi, mahali na mwaka wake vinajulikana. Pete uliyoiokota shambani ina nini kati ya hivyo?

Ukale peke yake hauna bei. Ulaya pete nyingi za shaba za enzi ya Warumi, zenye zaidi ya miaka 1,500, huuzwa kwa pesa isiyonunua hata ndama. Kinachopandisha bei ni madini, fundi, hali ya pete na historia yake inayothibitika. Sonara yeyote atakuonyesha muhuri: 925 ni fedha, 375 na 750 ni dhahabu, na kazi inaisha hapo hapo dukani.

Dalali hapendi sonara. Yeye hupiga picha, husifia, kisha huomba hela ya kipimo, ya kibali, ya nauli ya tajiri aliyekwama Mwanza. Kibali hicho si cha dalali kutoa. Maana kama pete kweli ilitengenezwa hapa nchini kabla ya 1863, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda, na kuitoa nchini bila ruhusa ya serikali ni kosa. Hilo dalali halitaji kamwe.